Nyumba ya Kukodisha na Mali ya Mayatima

Himdi zote zamthubutukia Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu, na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo: hili ni somo la kununua nyumba kwa kutaraji kodi yake, nalo ni somo ambalo watu wengi wahitaji kulijua, na wachache waliuliza kabla ya kutoa fedha zao. Aghlabu ya watu huuliza baada ya kununua, na suala la baada ya kununua jawabu lake huwa ni majuto.

SUALA

Alinijia bwana mmoja baada ya sala ya alasiri akasema: "Maalim, ndugu yangu amefariki akaacha watoto watatu wadogo, na alinifanya wasii wao kwa maandishi. Nina shilingi 3,300,000 zao. Nimeonyeshwa nyumba mbili. Ya kwanza ina vyumba vinane, nayo ni nyumba bila ardhi. Bei yake ni shilingi 1,400,000, na kodi yake ni 32,000 kwa mwezi. Ya pili ni nyumba ndogo ya vyumba viwili na sebule, ina kiwanja chake na hati yake. Bei yake ni 2,800,000, na kodi yake ni 17,000 tu. Dalali aniambia nichukue ile ya kwanza, kwani itarudisha fedha yake kwa muda usiotimia miaka minne, na fedha itakayobaki ninunue nyingine kama hiyo. Je, wasemaje?"

Nikamwambia: "Bwana, nipe siku saba, wala usitoe hata senti moja." Haya yafuatayo ndiyo niliyomjibu, nami nimeyapanga kwa mafaslu ili anufaike nayo asiyekuwa yeye.

ASLI YA MASALA HAYA

Jua, ewe ndugu msomaji, ya kuwa masala yote ya nyumba za kukodisha yamesimama juu ya asli moja aliyoitaja Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, katika hadithi aliyoipokea Abu Daud na wengineo, nayo ni al-kharaj bidh-dhaman. Maana yake kwa lugha yetu ni kuwa pato la kitu ni haki ya yule ambaye kitu hicho kikipotea ni mali yake iliyopotea. Mwenye kula kodi ya nyumba aila kwa sababu dari ikianguka ni yake iliyoanguka, na mpangaji akihama ni yeye atakayekosa.

Katika asli hii mna mafunzo mawili. La kwanza, atakaye pato asitake kubeba khasara, huyo atafuta riba, hata akiiita kwa jina la biashara. La pili, atakaye pato wala hakuijua khasara anayoibeba, huyo amefumba macho akaingia majini. Funzo la kwanza watu hulisikia misikitini. La pili ni wachache wanaolisikia, nalo ndilo lililofilisi nyumba za watu wema.

FASLU YA 1: KUJUA WANUNUA NINI

Hapa kwetu Mombasa, na katika miji mingine ya pwani, iko milki ambayo watokao bara huistaajabia: nyumba ni ya mtu huyu, na ardhi iliyo chini yake ni ya mtu yule. Mwenye nyumba hulipa kodi ya kiwanja kila mwezi, naye huchukua kodi ya vyumba kwa wapangaji. Wengi wetu tumezaliwa katika nyumba hizo: ukumbi katikati, vyumba kuume na kushoto, na ua nyuma.

Katika Sharia jambo hili si geni. Wanavyuoni wetu wa Kishafii wamejuzisha mtu kumiliki jengo pasi na ardhi, na wakaeleza haki ya aliyejenga juu ya ardhi ya kuazima: mwenye ardhi akiitaka ardhi yake, na wala hakushurutisha tangu mwanzo kuwa jengo litaondolewa bure, basi hawezi kulivunja ila alipe upungufu wa thamani yake. Kwa mila hiyo watu walijenga kwa kuaminiana, na neno la mzee lilitosha mahali pa waraka.

Kisha mambo yakageuka. Mwaka 1895 pwani iliingia katika himaya ya Waingereza, na mwaka 1908 ikatolewa kanuni ya hati za ardhi iliyowataka watu wa pwani walete madai yao yaandikwe, na ardhi isiyodaiwa ikawa ya serikali. Wako waliodai wakaandikiwa, na wako wasiojua khabari hiyo hata mlango ukafungwa. Tangu hapo ardhi ina daftari na mwenye jina ndani yake, na nyumba iliyo juu yake mara nyingi haina ila kipande cha karatasi na mashahidi, ambao wengi wao wamekwisha kufa. Kanuni ile ya 1908 ilifutwa mwaka 2012 kwa kanuni mpya ya kuandikisha ardhi, lakini taabu ya aliye na ukuta asiye na udongo haikufutwa pamoja nayo.

Nami sisemi haya kwa kusikia. Mwaka 1999, nikiwa kijana, mimi na ndugu yangu tulinunua nyumba ya vyumba sita bila ardhi kwa shilingi 180,000. Kila chumba kilikuwa na kodi ya 600, na kodi ya kiwanja ilikuwa 300, basi tukawa twabakiwa na 3,300 kwa mwezi. Tukafurahi tukajiona ni watu wa akili kuliko wenzetu. Ulipopita mwezi wa 14 mwenye ardhi akauza kiwanja, na mnunuzi akatuletea barua ya wakili kuwa tuondoe jengo letu kwa muda wa miezi mitatu, na wapangaji walipoisikia khabari hiyo wakaacha kulipa. Tukavunja kwa mikono yetu. Mabati, milango na boriti tuliviuza kwa 21,000. Ukihisabu, kodi tuliyokula ni 46,200, nazo pamoja na 21,000 ni 67,200. Basi khasara yetu ilikuwa 112,800. Katika khasara ile yalikuwamo mahari ya ndugu yangu aliyokuwa akiyaweka, na harusi yake ikachelewa miaka minne. Sikumlaumu mwenye ardhi kwa kuuza kilicho chake. Najilaumu nafsi yangu, kwani niliuliza kodi ni kiasi gani, sikuuliza ardhi ni ya nani na ana niya gani.

Basi kabla ya kutoa fedha, yakupasa kuyajua mambo manne.

Jambo la kwanza ni mwenyewe. Nenda afisi ya ardhi, au mtume wakili, daftari liangaliwe kwa nambari ya kiwanja. Wala usitosheke na nakala ya hati iliyo mkononi mwa dalali. Ikiwa ardhi ni ya mkataba wa miaka, tazama imebaki miaka mingapi, kwani miaka 99 iliyokwisha kula 80 si kama miaka 99 inayoanza. Na ikiwa ni nyumba ya ghorofa ndani ya jengo kubwa, jua kuwa katika Kenya kanuni ya mwaka 2020 imewezesha kila ghorofa kuwa na hati yake peke yake. Basi uliza hati hiyo imekwisha kutoka au ni ahadi tu.

Jambo la pili ni urithi. Nyumba nyingi za mji wetu ni za marehemu ambaye mirathi yake haikugawanywa. Mrithi mmoja akikuuzia, amekuuzia fungu lake tu, hata kama ufunguo wa mlango mkubwa uko mfukoni mwake. Dada aliyeolewa mbali ana fungu, na mama aliye kitandani ana fungu. Tena kwa madhehebu yetu, mshirika ana haki ya shufaa katika fungu lililouzwa la nyumba inayoweza kugawanywa, yaani aweza kukutoa kwa bei ile ile uliyonunua. Usinunue hata uone hukumu ya Kadhi ya mirathi na saini za warithi wote walio baleghe.

Jambo la tatu ni wakfu. Kilichowekwa wakfu hakiuzwi, wala hakirithiwi, wala hakipewi mtu. Uliza majirani na uliza Tume ya Wakfu, kwani wako watu waliokula wakfu za babu zao kisha wakauza mabaki.

Jambo la nne ni waliomo ndani. Nyumba iliyokodishwa yafaa kuuzwa, lakini mpangaji hubaki hata muda wake utimie. Mnunuzi asiyejua kuwa mna mpangaji ana kheyari ya kurejesha. Ajuaye akanyamaza hana la kusema.

FASLU YA 2: KUIONA NYUMBA KWA JICHO LA MWASHI

Kwa kauli iliyo dhahiri zaidi katika madhehebu yetu, haisihi kuuza kitu ambacho mnunuzi hakukiona. Kuona nyumba kwatakikana kuwe ni kuona dari zake, kuta zake, choo chake na njia yake. Nami nazidisha nasaha: nenda mara mbili, mara moja siku ya jua na mara moja siku ya mvua, na ufuatane na mwashi usiyeletewa na muuzaji.

Nyumba za pwani zina maadui watatu: mchwa, maji na chumvi. Mchwa huingia katika boriti na miimo ya milango. Gonga kwa kifundo cha kidole usikie kama mti ni mzima au ni gamba. Maji huingia kwa dari na kwa msingi. Tazama madoa yaliyopakwa chokaa mpya karibu, kwani rangi mbichi katika nyumba ya zamani mara nyingi huficha jambo. Na chumvi yatoka katika upepo wa bahari, na katika mchanga wa pwani ambao mafundi wasioogopa Mungu huuchanganya na saruji. Chumvi hiyo hula chuma kilicho ndani ya zege. Chuma kikishika kutu hufura, na zege hupasuka vipande vipande. Ukiona mpasuko unaofuata mstari wa chuma chini ya dari, jua ya kuwa gharama iko njiani.

Wala usighurike kwa ukubwa wa jengo wala kwa sifa yake. Wenzetu wa Unguja walikuwa na Beit-al-Ajaib, aliyoijenga Seyyid Barghash mwaka 1883, jumba lililokuwa fakhari ya pwani nzima. Na siku ya tarehe 25 Desemba mwaka 2020 upande wake mmoja ulianguka wakati wa kutengenezwa, na mafundi wawili wakafa. Ikiwa jumba la Sultani lilishindwa na miaka, itakuwaje nyumba ya mtu wa kawaida ambayo tangu kujengwa haikukaguliwa na fundi?

Ukinunua kisha ukaona aibu iliyokuwako kabla ya kununua, una kheyari ya kurejesha, kwa sharti ufanye haraka wala usikawie pasi na udhuru. Na muuzaji asemaye, "Nauza kama ilivyo, sitaki maneno baadaye," sharti lake hilo katika nyumba halimtoi katika dhamana kwa madhehebu yetu. Wajibu wake ni kubainisha aibu aijuayo. Hata hivyo, kheyari ni dawa ya ugonjwa uliokwisha kuingia, na mwashi ni kinga.

Ama nyumba ambayo haijajengwa, iuzwayo kwa picha na ramani, hiyo haiingii katika bei ya kawaida kwa Mashafii, kwa kuwa ni kuuza kisichokuwako. Wanavyuoni wa zama zetu waliokutana Jidda katika Majmaa ya Fiqhi mwaka 1992 waliijuzisha istisnaa, yaani kuagiza kitu kitengenezwe, kwa sharti ibainishwe namna yake, kadiri yake, sifa zake na muda wake. Anayefuata kauli hiyo asisahau sharti ya kila kitu kuandikwa, na malipo yake yafuate ujenzi hatua kwa hatua. Wako watu waliolipa ghorofa ya tano, na mjenzi hakupita msingi.

FASLU YA 3: FEDHA YA KUNUNULIA

Mwenyezi Mungu amehalalisha biashara na ameharimisha riba, kama ilivyo katika Sura ya Baqara, aya ya 275. Basi mkopo wa kununulia nyumba unaozaa ziada kwa kupita muda ni haramu, na Majmaa hiyo ya Jidda ilikariri hukumu hii mwaka 1990 ilipotazama khassa masala ya mikopo ya nyumba. Uchungu wake wa dunia nao waonekana. Mwenye kukopa hubeba khasara yote: nyumba ikikaa tupu, deni halikai, kodi ikishuka, deni halishuki, na mkopeshaji hula pato pasi na dhamana yoyote ya nyumba. Hapo ile asli imepinduliwa, miguu juu na kichwa chini.

Wala si mkopo wa benki peke yake. Ya zamani ilikuwako kwetu, nayo ni rehani ambayo mkopeshaji huingia katika nyumba akakaa bure au akala kodi yake hata alipwe deni. Kadhalika ile bei ya kheyari iliyokuwa maarufu katika Unguja na Pemba: mtu huuza nyumba kwa sharti ya kuikomboa, kisha hukaa humo humo akilipa kodi; na ile kodi hakika yake ni faida ya deni iliyovishwa kanzu. Jina halihalalishi kitu.

Njia zilizo safi ni nyingi. Ya kwanza ni kununua kwa fedha yako, hata kama ni kidogo kidogo kwa miaka. Ya pili ni kumnunulia mwenye nyumba mwenyewe kwa bei moja iliyokatwa na muda uliojulikana, isiyozidi kwa kuchelewa. Ya tatu ni ushirika: ndugu watatu au wanne wanunue pamoja, kila mmoja ana fungu lililoandikwa, na kodi na khasara zigawanywe kwa kadiri ya mafungu. Ya nne ni kushirikiana na benki inayofuata Sharia, kama zilizofunguliwa katika Kenya mwaka 2008 na baada yake: benki hununua pamoja nawe, nawe hununua fungu lake polepole huku ukilipa kodi ya fungu lililobaki. Lakini hapa pia usome waraka. Ikiwa nyumba ikiungua khasara yote ni yako na benki haina khasara hata ya fungu lake, basi uliza kwa mwanachuoni kabla ya kutia saini.

FASLU YA 4: HISABU

Sasa turejee kwa yule bwana na nyumba zake mbili, tufanye hisabu kama ifanywavyo dukani. Dalali hisabu yake ni moja tu: kodi ya mwezi mara 12. Hisabu ya mwenye mali ina kutoa baada ya kuzidisha.

Nyumba ya pili, yenye hati. Bei ni 2,800,000. Ushuru wa stempu katika mji ni 4 kwa kila 100, basi ni 112,000. Wakili, kuangalia daftari, mwashi na matengenezo ya kwanza tuyakadirie 98,000. Jumla ni 3,010,000. Kodi ya mwaka mzima ni 204,000. Toa mwezi mmoja wa nyumba kukaa tupu, 17,000. Toa matengenezo 20,000, na ushuru wa kaunti tuukadirie 7,000. Yabaki 160,000, ambayo ni kama 5 na robo kwa kila 100, na fedha itarudi kwa karibu miaka 19.

Nyumba ya kwanza, isiyo na ardhi. Bei na maandishi ni 1,430,000. Kodi ya mwaka mzima ni 384,000. Lakini vyumba vinane ni wapangaji wanane, na wapangaji wa chumba kimoja huhama upesi. Toa 64,000 za vyumba kukaa vitupu na wasiolipa, zabaki 320,000. Kodi hii imepita shilingi 288,000 kwa mwaka, basi ina ushuru wa serikali wa kodi za nyumba, ambao katika Kenya tangu Januari 2024 ni 7 na nusu kwa kila 100: toa 24,000. Toa kodi ya kiwanja 24,000, na matengenezo ya kuta za udongo na mabati 60,000. Yabaki 212,000, na fedha itarudi kwa muda wa miaka 7 kasoro miezi michache.

Tazama basi: miaka minne ya dalali imekuwa saba. Hata hivyo sikatai kuwa nyumba ya kwanza yapata karibu mara tatu kuliko ya pili kwa kila mia iliyotiwa. Lakini pato kubwa lina sababu, na sababu yake ni kuwa muuzaji amepunguza bei kwa khatari ambayo wewe ndiye utakayeibeba. Suala la nyumba ya kwanza ni moja: je, mwenye ardhi atakuacha miaka saba? Yeye hakukuahidi hata miezi saba. Usiponielewa kwa hisabu, nielewe kwa mahari ya ndugu yangu.

FASLU YA 5: MPANGAJI NA MATENGENEZO

Aliyekwisha kununua ameingia katika mlango wa ijara, na huku ndiko walikoghafilika wengi.

Kodi na iwe ni maalumu, na muda uwe ni maalumu. Kusema "nakukodisha kila mwezi kwa kadha" pasi na kutaja mwisho, haisihi kwa kauli iliyo dhahiri zaidi ya Mashafii. Na aliyekaa kwa mkataba huo atalipa ijara ya mfano wake. Basi andika mwaka mmoja, kodi ilipwe kila mwezi. Kwa maandishi hayo mpangaji ataamini kuwa hatafukuzwa katikati ya masomo ya watoto wake, nawe utajua kuwa nyumba yako ina mtu mpaka tarehe fulani. Wala usipandishe kodi ndani ya muda mliokubaliana, ngoja utimie. Na amana unayoichukua siku ya kuingia si mali yako. Ukiitumia imekuwa deni juu yako, na siku atakayotoka irejeshe, ila kadiri ya alichoharibu kwa kupita mpaka.

Imamu Nawawi, ambaye alifariki mwaka wa 676 wa Hijra, ameeleza katika Minhaji kuwa matengenezo ya nyumba ni juu ya mkodishaji: akiharakisha kutengeneza ni vyema, na kama si hivyo mpangaji ana kheyari ya kuvunja mkataba. Akataja hata theluji, kwani yeye alikuwa mtu wa Sham: iliyo juu ya dari ni juu ya mwenye nyumba kuiondoa, na iliyo uani, pamoja na taka, ni juu ya mpangaji. Sisi hatuna theluji, lakini tuna majani yanayoziba mifereji ya dari kabla ya masika. Hukumu ni hiyo hiyo: dari ni yako, ua ni wake.

Weka basi fungu la kila kodi mahali mbali, usilile. Mwenye kula kodi yote anakula na ukuta ndani yake.

FASLU YA 6: ZAKA

Nyumba ya kukodisha haina zaka katika dhati yake. Kodi yake ikikusanyika ikatimia nisabu na ikapitiwa na mwaka, itolewe 2 na nusu kwa kila 100. Ama aliyenunua nyumba kwa niya ya kuiuza apate faida, hiyo ni mali ya biashara, na kila mwaka ataithamini atoe zaka ya thamani yake.

JAWABU

Nikamwambia yule bwana: Lau fedha hii ingekuwa yako, ningesema kununua nyumba bila ardhi si haramu, nawe ni mtu mzima, waijua khatari, chagua. Lakini hii ni mali ya mayatima, na Mwenyezi Mungu ametoa onyo kali katika Sura ya Nisaa juu ya wanaoila kwa dhulma. Wanavyuoni wetu wamesema walii wa yatima afanye lile lenye maslaha, na wakasema kumnunulia nyumba au shamba lenye pato ni bora kuliko kufanyia fedha yake biashara, kwa sababu asili hubaki na pato huliwa. Wakazidisha kuwa akijenga, ajenge kwa udongo na matofali ya kuchoma, si kwa matofali mabichi wala kwa jasi, kwani matofali ya kuchoma hudumu, na yakitolewa hutoka yakiwa mazima. Tazama jinsi walivyoihofia mali ya mtoto hata wakayapeleleza matofali! Je, wataridhika nawe uiweke juu ya ardhi ya mtu asiyetoa ahadi?

Basi chukua ile ya pili, kwa sharti daftari na mwashi wakubaliane nawe, na umjulishe Kadhi. Fedha itakayobaki ni 290,000. Usiitie katika jambo jingine, ndiyo akiba yao ya maradhi na ya dari.

Akanyamaza, kisha akasema: "Maalim, 160,000 kwa mwaka ni kama 13,000 kwa mwezi, na watoto ni watatu."

Nikamwambia: "Ni kweli, haitoshi, nami sikuambii kuwa yatosha. Kilichopunguka kitatoka katika mifuko yetu, yako na yangu na ya jamaa, mpaka mkubwa wao asimame. Lakini watakapobaleghe watakuta nyumba yao na hati yao. Na ikiwa ua ni mpana, jaalia baada ya miaka mijengewe chumba cha tatu kwa akiba ya kodi. Tena siku hiyo ukiwa wasii, usiiuze nyumba hiyo ila kwa haja, au kwa faida iliyo wazi kwao, kwani walii hauzi nyumba ya yatima ila kwa mawili hayo."

Ikiwa mwenye ardhi ya ile nyumba ya kwanza angekubali kuuza ardhi yake, au kuandika mkataba wa miaka mingi ulioandikishwa afisini, jawabu lingeweza kugeuka, kwani hukumu hufuata sababu yake. Alikwenda kumwuliza. Mwenye ardhi akasema hataki kujifunga. Basi jawabu lile alilokuwa akilitafuta kwangu, alilipata kwa mwenye ardhi mwenyewe.

KHATIMA

Mwanafunzi asome somo hili mara mbili, kisha ajijaribu kwa masuali haya. 1. Kwa nini kodi ni halali na riba ni haramu, hali zote mbili ni ziada juu ya asili ya mali? 2. Mrithi mmoja ameuza nyumba yote. Ni kiasi gani kilichouzwa? 3. Muuzaji amesema "kama ilivyo", na mwashi ameona mchwa siku ya pili. Mnunuzi afanye nini, na lini? 4. Mpangaji na mwenye nyumba wagombania mfereji wa dari ulioziba. Ni juu ya nani? 5. Twaa nyumba moja uijuayo katika mtaa wako, uifanyie hisabu ya mwenye mali.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atuwezeshe kuchunga amana za wanyonge, na atupe riziki ya halali iliyo na baraka hata ikiwa ni chache. Na Mwenyezi Mungu ndiye Ajuaye zaidi.